Picha Ile Haikuwa na Uso

Iowa, Jumapili, baada ya misa

Kwa Yaya wangu Ngoie, dada yangu mkubwa,

Nakuamkia kwanza, maana Mama alitufundisha kwamba hata mtu aliyekuudhi humwambii neno lolote kabla hujamjulia hali. Habari za hapo Kikula, na Likasi yote? Miguu yako bado inavimba ukikaa muda mrefu kwenye mashini ya kushona? Umeme mnaupata, au umerudia ile mashini ya kukanyaga? Na bati la jikoni, lile lililokuwa linavuja juu ya mbabula ya makaa, lilipata mtu wa kulipigilia misumari kabla mvua hazijaanza? Nauliza kwa sababu nataka kujua. Hasira niliyo nayo haijafika mahali pa kutojali kama unalowa.

Sisi huku tu wazima kiasi chetu. Grâce, binti yangu mkubwa, yuko mwaka wa pili chuoni na ndiye anayenipikia siku hizi, bukari yake, ugali wetu ule ule, ina mabonge lakini tunakula. Wadogo wanaendelea na shule. Mimi napona. Natembea ndani ya nyumba, nakwenda hadi kwenye sanduku la posta na kurudi, ila sijaruhusiwa kuinua kitu kizito kuliko sufuria ya maharage. Kule kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, wamenipa majuma manane ya kupumzika.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu zangu hupokei. Ya pili, simu ndiyo iliyoniumiza. Barua hii nimempa Papa Sylvain, mzee wa kanisa letu hapa, anayekuja Lubumbashi kumwoza binti yake na ambaye atapita Likasi kuwaona wakwe. Ataiweka mkononi mwako, si mwa mtu mwingine, bahasha nimeifunga kwa gundi mwenyewe.

Yaya, nianze na jambo lenyewe ili usisome ukijiuliza kama najua au sijui. Najua. Najua kwamba siku ya kutosha kilio cha Mama, ya kumaliza matanga, mwaka ulipotimia tangu mlipomzika, ndugu wote wakiwa wamekaa uani, ulitoa simu yako ukawaonyesha tumbo langu. Najua uliyosema. Najua kitenge cha Mama mlimpa nani. Sasa nisikilize mimi, kwa sababu siku hiyo sikuwapo kujisemea.

Nianze na kosa langu, kabla hujanikumbusha wewe.

Daktari wa huku aliniambia sukari yangu imepanda vibaya, nipunguze mwili au nianze kuviaga vidole vya miguu kimoja kimoja. Nikapunguza. Niliacha bukari ya jioni, niliacha soda, nikawa natembea kwenda kazini na kurudi, na akaniandikia sindano ya kujichoma kila juma. Mwili ukashuka, Yaya, ukashuka mpaka nikawa napita mbele ya kioo haraka. Na wewe unajua kwetu wanasemaje mwanamke akikonda. Hawasemi sukari imeshuka. Wanashusha sauti, wanasema ni ule ugonjwa. Basi nikawaficha. Kila uliponiuliza vipimo ili unishonee nguo ya kunitumia kwa wasafiri, nilikujibu ni vilevile. Katika daftari lako la atelie, pale unaposhonea, mimi bado ni yule Mwadi uliyemsindikiza uwanja wa ndege wa Lubumbashi miaka kumi iliyopita. Ile robe ya Pasaka, gauni lile lenye mikono mipana, niliivaa juu ya sweta mbili ndipo Grâce akanipiga picha. Mkanijibu kwamba Amerika inanipenda, nanenepa vizuri. Nilicheka peke yangu jikoni, na joto la sweta.

Huo ni uongo wangu na sina wa kumsingizia.

Lakini mafuta yakiondoka, ngozi haiondoki nayo. Ngozi yote iliyobeba watoto wanne ilibaki, ikining'inia kuanzia kitovuni hadi kufunika sehemu ya mapaja. Chini ya mkunjo huo hapakauki hata ufanyeje. Kazini kwetu mvuke ni wa mchana kutwa, mashuka yanatoka yakichemka, tunayakunja yangali moto. Nikatokwa na vipele, vipele vikawa vidonda, vidonda vikaanza kutoa maji na harufu. Nilikuwa naweka vipande vya taulo, nabadilisha chooni mara tatu kwa siku. Kuna mama mmoja tuliyekuwa tunakunja naye mashuka, yeye pembe ile na mimi pembe hii, kwa miaka mitatu. Siku moja akaomba kuhamishwa meza. Hakusema sababu na mimi sikumwuliza.

Daktari alipoona, aliniambia ngozi hiyo haitapona kwa krimu, lazima ikatwe. Akanieleza kwamba kuna upasuaji wa namna mbili, na watu huuchanganya. Wewe ni mshonaji, utaelewa upesi kuliko mjomba Kasongo. Mteja anakuletea robe inayoburuta chini, pindo limelowa matope na limeanza kuoza. Unaweza kukata lile pindo lililooza, ukapinda, ukampa. Robe ni ile ile, kiuno ni kile kile, mishono ya ubavuni hukuigusa. Huo ndio upasuaji wa kwanza, wanauita panikulektomi. Wanakata ngozi inayoning'inia, basi. Wa pili wanauita abdominoplasti. Huo ni kuifumua robe nzima, kuibana kiuno, kuvuta kitambaa, kuhamisha hata tundu la kifungo. Wanakaza misuli ya ndani, wanakitengenezea kitovu mahali pengine, tumbo linarudi kama la msichana. Wa kwanza ni wa mgonjwa. Wa pili ni wa anayetaka kupendeza, na simlaumu anayetaka.

Bima ya kazini, ile mnayoita asiranse, inaweza kulipia ule wa kwanza. Wa pili hailipii hata kidogo. Na kwa sababu watu wa bima wanaogopa kudanganywa, kila anayeomba wa kwanza wanamshuku kwamba anatafuta wa pili.

Waliponijibu mara ya kwanza, Grâce alinisomea mezani: ombi limekataliwa, ni jambo la urembo. Nilicheka kwanza. Kisha nikalia mpaka mwanangu akaikunja barua akaificha. Mimi ambaye wakati huo huo nilikuwa na taulo imegandamana na kidonda, naambiwa natafuta urembo.

Daktari akasema tutaandika tena, ila wanataka ushahidi. Wanataka kuona miezi ya matibabu ambayo hayakuponya. Wanataka uzito uwe umetulia, haupandi wala haushuki. Wanataka barua ya daktari kwamba kazi inanishinda. Na wanataka picha: ya mbele, ya ubavuni kulia, ya ubavuni kushoto, na moja nikiwa nimeinua ule mkunjo kwa mikono yangu ili vidonda vya chini vionekane. Akasema picha ya uso haihitajiki, wala isiwepo.

Nani wa kunipiga picha hizo? Mume sina, unajua aliondoka mwaka ule ule niliozaa wa mwisho. Alikuwa Grâce tu. Na kwetu mtoto haoni uchi wa mama yake, wewe mwenyewe ulimfunika Mama kwa shuka mbili ulipokuwa ukimwogesha mwishoni. Tulisimama bafuni, yeye ameshika simu, mimi nimeshika tumbo langu. Hakuna aliyemtazama mwenzake machoni. Alipomaliza alisema, "Mama, unaweza kuvaa," akatoka, na siku ile alipika bila kuwasha muziki.

Sasa tufike kwako.

Ulikuwa umeanza kuhisi. Ulisema sauti yangu haiko sawa, ukauliza mpaka ukanichosha. Nilipokuambia ni tumbo, lina vidonda, ulinijibu kwa maneno ambayo bado yapo kwenye simu yangu: "Nionyeshe. Minye njo yaya yako. Nilikuogeshaka, leo unanificha nini?" Kweli wewe ndiye yaya yangu, lakini nikasita siku mbili. Kisha nikakumbuka Mama alivyozoea kusema mficha uchi hazai. Na nikakumbuka nani alikuwepo kila nilipozaa.

Unakumbuka, Yaya? Watoto watatu wa kwanza nilizaa hapo Likasi, na kila mara Mama alichemsha maji, akalowesha kitambaa, akanikanda tumbo mpaka nikapiga kelele. Kisha akachukua kitenge chake cha bluu chenye maua ya njano, kile kilichokuwa kimelainika kwa kufuliwa. Yeye alishika ncha moja, wewe ukashika nyingine, akaniwekea goti mgongoni mkavuta. Akasema tumbo lisilofungwa halirudi nyumbani. Wa nne nilimzaa huku, sikuwa na mtu wa kunifunga. Mama alilisema hilo hadi siku zake za mwisho, kwamba kuna tumbo moja hakulifunga, na ndiyo sababu alitamka mbele yako na mbele ya mjomba: nguo zangu mtagawana, lakini kile kitenge ni cha Mwadi.

Basi mtu aliyelifunga tumbo langu mara tatu ningemficha nini? Nikakutumia picha mbili, ya mbele na ile ya kuinua. Nikaandika: Yaya, tazama, halafu ufute. Ukanijibu: "Pole sana, mwana Mama. Nafuta sasa hivi. Hii itabakia kati yetu sisi babili." Nililala vizuri baada ya hapo. Kwa miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa ameniambia pole kwa Kiswahili.

Barua ya kukubali ilifika baada ya daktari kuandika mara ya pili. Lakini kibali chao kina mwisho, kinaishi miezi mitatu tu. Usipopasuliwa ndani ya hiyo, kinakufa, na unaanza upya krimu, picha, barua, kusubiri. Hospitali nayo ilikuwa na nafasi moja kabla kibali hakijafa, na siku yake iliangukia juma lile lile la kilio cha Mama. Nilimwomba daktari asogeze. Akaniambia akisogeza atanipoteza kwenye orodha, hana nyingine. Nikakupigia. Nakumbuka neno kwa neno.

"Yaya, sitaweza kuja. Ni juma lile lile."

Nikasikia mashini ya jirani yako ikiendelea kushona.

"Mama alikufa, haukukuyaka," ukasema. "Sasa ya kutosha kilio pia hautakuya?"

"Niliposhindwa kuja kuzika, makaratasi yangu hayakuwa tayari, unajua. Na sasa unajua mwenyewe ni nini. Umeona."

"Nimeona."

"Waambie niko hospitali. Usiwaambie zaidi ya hapo."

"Nitabaambia uko mugonjwa. Njo vile."

Njo vile, ndivyo hivyo. Nikaamini.

Siku ya upasuaji, kabla ya kunilaza, daktari aliniuliza tena kama nataka, wakati yuko hapo hapo ndani, akaze na misuli, ila sehemu hiyo nitailipia mwenyewe. Nikamwambia hapana. Nataka pakauke tu. Kwa hiyo, Yaya, uwaambie waliolitazama kwamba tumbo bado lipo. Nina kovu kutoka nyonga hadi nyonga, na juu yake tumbo limekaa palepale, la mviringo, la mama wa watoto wanne. Kama nilikwenda kutafuta urembo, basi nimepunjwa.

Nilipozinduka, muuguzi alikuja na mkanda mpana wa kunifunga. Ni wa mpira, unagandishwa ubavuni. Alikuwa mwanamke mfupi, hakupata nguvu ya kuuvuta, akapanda goti moja kitandani nyuma ya mgongo wangu ndipo akavuta. Nikaita Mama, kwa sauti. Akadhani nimeumia, akaacha. Nikamwambia avute. Niliwaza, nikitoka hapa nitakuwa na kitenge, Yaya atanitumia kitenge, nitakifunga juu ya mpira huu na lile tumbo la nne litakuwa limefungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu ya maumivu kwa majuma matatu, Yaya. Kitenge.

Juma la tatu akapiga simu Rosalie, binti wa mama yetu mdogo, yule mwalimu wa Mulungwishi. Sauti yake ilikuwa ya huruma, lakini huruma yenye haya ndani yake.

"Yaya Mwadi, unapona? Banasema balikukata tumbo."

"Nani anasema?"

"Batu yote banajua. Tuliona photo."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

"Photo gani, Rosalie?"

"Ile ya tumbo. Yaya Ngoie alionyesha pa kilio. Yaya, minye nilifikiri unajua."

Nikamwambia anieleze yote, asiruke. Akanieleza. Mjomba Kasongo alikuwa ameuliza mbele ya watu, kama ilivyo haki yake kwa kuwa yeye ndiye kaka wa Mama: "Mutoto ya mwisho iko wapi?" Watu wakakutazama wewe. Na wewe ukasema, "Mutoto yenu eko anakatisha tumbo kule Amerika. Anataka kuwa mwembamba sawa babinti. Haiko uongo, muangalie." Ukatoa simu. Ikapita kwa mjomba, ikapita kwa wakwe, ikapita kwa wale mama wa kwaya waliokuja na keki, ikafika hadi kwa jirani anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele pale alipokuwa anauza Mama. Rosalie anasema mjomba aliitazama kidogo tu akaigeuza, akasema: "Mama yake eko mu udongo, yeye anatengeneza mwili." Kisha nguo zilipogawanywa, akaamua kitenge cha bluu apewe mtoto aliyeko, si asiyetaka kuwepo. Akampa Rosalie. Nikamwuliza, na Yaya alisema nini? Akajibu, "Yaya alinyamaza."

Hapo ndipo nilipoumia zaidi, kuliko kwenye picha. Ulijua kitenge ni cha nani. Ulisikia kwa masikio yako Mama akisema. Ungeweza kuniudhi kwa hasira na bado ukasema, hapana, mjomba, hicho Mama alimwachia Mwadi. Ulinyamaza.

Nimefikiri sana juu ya picha ile. Watu wa bima walikuwa wageni kwangu, walinikataa, walinishuku, lakini hata wao walisema uso usiwepo. Picha uliyoipitisha uani haikuwa na uso, Yaya. Mtu yeyote angeweza kuitazama asijue ni tumbo la nani. Jina ulilitia wewe. Na waliosema ni urembo huku, walisema kabla hawajaona vidonda. Wewe uliviona. Ulivitazama, ukaandika pole, kisha ukasema ni urembo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusikia msemo huo tangu utoto bila kuufikiria. Siku ile, baada ya Rosalie kukata simu, nilikwenda kabatini nikatazama robe zote ulizonishonea. Ziko saba. Nilizitoa nikaziweka kwenye mfuko wa kutupa. Kisha nikazirudisha, kwa sababu mishono yako ni mizuri na mimi si mwendawazimu.

Sasa nitasema na la upande wako, nisije nikafanana na wale walionihukumu bila kunisikia.

Najua ni wewe uliyemwinua Mama kitandani na kumlaza. Najua ulifunga atelie miezi minne, na wateja wakakukimbia. Mimi nilikuwa sauti kwenye simu, nauliza amekula nini, kana kwamba kuuliza ni kupika. Siku ya kumzika ulisimama peke yako mahali pa mabinti wawili. Na siku ya kutosha kilio, ulipoulizwa mbele ya watu wote mdogo wako yuko wapi, ulikuwa peke yako tena, na neno dogo nililokupa la kuwajibu, mgonjwa, watu walikuwa wamelichoka. Nilikuachia aibu yangu uibebe bila hata kukuuliza kama mgongo unaweza. Na pengine ulipoona picha ya sweta mbili na ile ya bafuni, ulijiuliza Mwadi huyu amenidanganya miaka mingapi. Hayo yote nayajua na naumia nayo. Ungenipigia ukanitukana, ningekaa kimya nikasikiliza mpaka umalize.

Lakini hasira yako uliipeleka kwa watu, na mimi ukaniacha na pole.

Rosalie alitaka kunitumia kitenge kimyakimya. Alisema amekikunja, hajakivaa. Nimemkataza. Sikitaki kwa siri, kwa sababu sikunyang'anywa kwa siri.

Nakuomba jambo moja, Yaya, na ni hili. Krismasi mtakusanyika tena kwa mjomba, kama kila mwaka. Uende na barua hii. Baada ya kula, kabla watu hawajatawanyika, uisome. Usiieleze, isome, kuanzia kukuamkia hadi jina langu chini. Usome na mahali ninapokusema, usome na mahali ninapojisema. Wakishindwa kuelewa tofauti ya upasuaji, chukua robe ya mtu uwaonyeshe pindo, wewe ni hodari wa kueleza. Kisha mwambie mjomba maneno ya Mama juu ya kitenge, kwa mdomo wako, wewe uliyeyasikia. Akishakubali, Rosalie atakitia mkononi mwako, nawe utampa Papa Sylvain. Anarudi huku Januari.

Unisalimie wote. Msalimie mjomba Kasongo, umwambie lile tumbo alilolitazama linaendelea vizuri na linamheshimu. Msalimie mama mdogo, mama yake Rosalie, na Rosalie mwenyewe ambaye alipiga simu wakati wengine walinyamaza. Wasalimie mama wa kwaya, nimesikia keki ilikuwa tamu. Msalimie jirani yetu wa samaki, umwambie nakumbuka jinsi Mama alivyokuwa anampangia meza. Wasalimie watoto wako, uwaambie mama yao mdogo hana ugonjwa wanaoudhani, na wala si msichana. Nawe, upake miguu mafuta ya moto kabla ya kulala, na ukikaa kwenye mashini weka kibao chini ya miguu.

Vipimo vyangu vya zamani, kwenye daftari lako, vifute. Vipya sijakuandikia. Vitakuja siku kitenge kitakapofika, au havitakuja.

Papa Sylvain nitakwenda kumpokea mwenyewe uwanja wa ndege. Sitamwuliza habari za safari wala za arusi. Nitatazama mikono yake. Na wewe, ukimaliza kusoma, usiifute barua hii. Ipitishe kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio ule ule mliopitishia picha, ianze kwa mjomba. Ile haikuwa na uso. Hii inao, na nimeutia jina mwenyewe.

Mdogo wako,
Mwadi Ilunga Marie-Claire, mwenye tumbo